Kiyoyozi cha kiwandani ndani ya Corolla kuukuu

Majuma mawili yaliyopita niligusia hapa, kwa mstari mmoja tu, kwamba gari letu kuukuu sasa lina kiyoyozi, nami sikudhani kwamba neno hilo lingemshughulisha mtu. Kumbe! Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa arusini, nimesimamishwa hata kwenye foleni ya benki. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi anataka nimweleze chombo hicho hufanya kazi vipi. Mama mmoja mwenye gari la rika la langu anauliza kama ni jambo liwezekanalo, maana amewauliza mafundi watatu wakampa majibu matatu. Leo nitawajibu wote kwa pamoja, lakini sharti nianze na mama yangu mzazi, kwani lau si yeye nisingetia kiyoyozi garini hata cha bure.

Mama ana umri wa miaka 74. Figo zake ziliacha kazi, na tangu hapo hupelekwa kisiwani mara mbili kwa juma akalazwe kando ya mashine kwa saa nne, damu yake itolewe, isafishwe na kurudishwa mwilini. Walio na mgonjwa wa aina hii nyumbani wanajua kwamba taabu kubwa si sindano wala mashine yenyewe. Taabu ni kiu. Figo zikishakufa, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Hubaki mwilini, miguu ikavimba, yakapanda hadi mapafuni, pumzi ikawa ya kugombania. Kwa hiyo daktari alimpimia maji ya siku nzima, chai na mchuzi vikiwemo ndani ya hesabu, nayo ni vikombe vichache tu. Bibi wa Pwani, aliyezoea mtungi kando ya kitanda, sasa huhesabu mafunda.

Mtie mtu huyo ndani ya Corolla ya mwaka 1989, saa saba za mchana, mwezi wa Machi, joto la kivulini limepita nyuzi 32, mkiwa mmekwama katikati ya malori ya makontena mkitoka kisiwani kurudi Mikindani. Ukifungua madirisha, moshi wa dizeli unaingia pamoja na vumbi. Ukiyafunga, mmejitia katika tanuri la kuokea mikate. Siku moja mama aliniambia, "Mwanangu, nitie tone moja tu ulimini." Nikatazama saa. Kipimo chake cha mchana kilikwisha tangu tulipokuwa hospitalini. Nilikuwa na kipande cha barafu ndani ya chupa ya chai, nikampa akinyonye, na njia nzima sikuthubutu kumtazama kwenye kioo.

Usiku huo mama watoto alisema zile pesa tulizoweka kwa ajili ya viti vipya vya sebuleni zitiwe garini. Sikubishana naye. Kuuza gari tununue jipya lilikuwa jambo la ndotoni, kwa kuwa magari ya mtumba yanayoruhusiwa kuingia nchini ni yale yasiyozidi umri wa miaka minane, na bei yake inajulikana. Basi tukabaki na Corolla yetu, ile ya umbo la pembe pembe iliyotengenezwa tangu 1987 hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, yenye kabureta na madirisha ya kuzungusha kwa mkono.

Sasa nije kwa yule mama wa mafundi watatu. Ndiyo, inawezekana, tena kwa magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka hiyo ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Sababu ni kwamba kiwanda kilitengeneza bodi ya aina moja kwa wateja wa aina mbili, mwenye kulipia kiyoyozi na asiyelipia. Aliyenunua gari la bei nafuu alipewa gari lile lile, ila mahali pa kiyoyozi pakaachwa wazi. Fungua kabati dogo la dashibodi, lile la kutilia karatasi, ulitoe kabisa. Katika Corolla yetu nyuma yake mlikuwa na kipande cha bomba la plastiki, kitupu kama kichwa cha ngoma, kinachounganisha feni ya hewa na sehemu ya kutia joto. Hapo ndipo kiwanda hukaza sanduku la baridi kwa aliyelipa. Ukutani baina ya injini na abiria mlikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira, nayo ni njia ya mabomba. Kwenye injini mlikuwa na vishimo vya bolti visivyofunga kitu. Hata kwenye dashibodi, kando ya swichi za feni, palikuwa na kifuniko cha plastiki kisicho na maandishi. Miaka yote niliyoendesha gari hilo nilikipita kifuniko hicho kwa macho nisijue kwamba ndicho kiti cha swichi ya baridi.

Kwa hiyo ukisikia watu wakisema kiyoyozi "cha kiwandani", maana yake ni hiyo: vipande vilevile ambavyo mtengenezaji angevitia, katika nafasi alizoziacha yeye. Kipo kingine cha kununuliwa dukani, sanduku linaloning'inizwa chini ya dashibodi likagonga magoti ya abiria. Hicho nacho hupoza, lakini lazima utoboe, ukate na kubuni, na kila unapobuni umejifungulia mlango wa kuvuja.

Wale wanaodhani jambo hili ni anasa ya juzi, wajue kwamba kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa ikiuza magari yenye kiyoyozi tangu 1939, kwa matoleo ya mwaka 1940. Mtambo wake ulijaza nusu ya buti, na kompresa haikuwa na klachi. Ukitaka kukizima kabisa kiyoyozi, ulisimamisha gari, ukazima injini, ukafungua boneti na kuutoa mkanda kwa mkono! Nash ndio waliofaulu mwaka 1954 kuuleta mtambo wote mbele, chini ya boneti na nyuma ya dashibodi, na mpango huo ndio ulio katika Corolla yangu na katika gari lako.

Mwanafunzi wangu wa chuo cha ufundi, nawe sikiliza. Umefundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Mombasa ni kweli. Lakini bandika sufuria Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na maji yatachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ndiyo maana maharagwe ya Nairobi hukawia kuiva. Mgandamizo wa hewa ukipungua, kiowevu huchemka mapema, na ukizidi huchelewa. Kiyoyozi chote kimejengwa juu ya jambo hilo moja. Gesi iitwayo R134a, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri. Na kila kitu kinachochemka lazima kipate joto kutoka mahali fulani, kama jasho linavyochukua joto la ngozi yako likikauka.

Basi lile sanduku nyuma ya kabati lina rejeta ndogo iitwayo evapoleta. Gesi ikiwa bado ni kiowevu hupitishwa katika valvu yenye kitundu chembamba mno, na ikitoka upande wa pili mgandamizo umeanguka, kwa hiyo inachemka humo ndani na kunyang'anya hewa ya garini joto lake. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huivuta ile gesi iliyokwisha kunywa joto, ikaikandamiza mpaka ikawa moto kuliko hewa ya nje, na kuisukuma katika kondensa, ile rejeta ya pili iliyo mbele ya rejeta ya maji. Feni na upepo wa safari huipoza, ikarudi kuwa kiowevu. Njiani hupita katika chupa ndogo yenye chembechembe za kukausha unyevu na kichujio cha kushika uchafu, kisha mzunguko ukaanza upya. Kwa hakika kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto tu, kinalitoa kwenye kiti cha mama na kulimwaga barabarani.

Nilipomweleza mama habari ya ile chupa ya kuchuja, alicheka sana. "Kumbe gari nalo lina figo," akasema. "Basi liangalieni lisije likaingia kliniki kama mimi."

Aliyasema hayo kabla ya fundi wa kwanza.

Fundi huyo sitamtaja. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye ahadi nyingi na bei ya chini, nami kwa haraka ya kumwondolea mama kiu sikuuliza maswali. Alileta kompresa kutoka gari moja, kondensa kutoka jingine la kampuni tofauti, evapoleta iliyolala nje mvua na jua mabomba yake yakiwa wazi bila vizibo, na hozi akazikata na kuziunganisha kwa vibano vya kukaza. Akafunga kila kitu kuanzia asubuhi hadi alasiri, akatia gesi papo hapo huku akiimba. Baridi ikatoka! Nikamlipa, nikamwongeza na ya soda.

Tulifurahi kwa majuma matatu. Katika juma la nne tukaanza kusikia mlio wa kusaga kila kompresa ilipoingia kazini. Alhamisi moja, tukirudi kutoka kliniki na mama amechoka hawezi hata kuinua mkono, mlio ukawa ukelele, kompresa ikakwama, mkanda ukaungua na moshi mweupe ukajaa chini ya boneti na kuanza kuingia ndani. Tulikuwa Changamwe katikati ya malori. Nilimtoa mama kwa kumbeba mgongoni. Dereva mmoja wa lori alishuka akamkalisha kwenye kivuli cha trela lake, akamfungulia maji, na mama, Mungu amlinde, akakataa. "Sina ruhusa," akamwambia. Bahati katika gari letu mkanda wa kompresa ni wa peke yake, kwa hiyo tuliukata tukafika nyumbani kwa madirisha wazi. Laiti ungekuwa mkanda mmoja na pampu ya maji, tungelala njiani.

Kosa lilikuwa nini? Niliambiwa baadaye na mzee mmoja ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa kutengeneza makontena ya baridi bandarini, naye sasa ana kibanda cha ufundi nyuma ya nyumba yake. Alifungua bomba moja, akachovya kidole na kukinusa, kisha akanionyesha uji mweusi wenye vumbi la chuma. "Mwalimu," akasema, "huyu kijana alichanganya gesi mpya na oili ya zamani."

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu anapaswa kulielewa. Magari ya kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994 yalitumia gesi ya R12, na oili yake ilikuwa ile ya madini, ambayo huyeyuka vizuri ndani ya R12 ikazungushwa pamoja nayo na kurudi kuilainisha kompresa. Ikagunduliwa kwamba R12 na jamaa zake hula ile tabaka ya ozoni inayotukinga na miali mikali ya jua. Mkataba wa kuzipiga marufuku ulitiwa saini Montreal mwezi wa Septemba 1987, na ofisi inayousimamia mpaka leo iko kwetu, Gigiri, Nairobi. Nchi zetu zilipewa muda hadi mwaka 2010 kuacha kabisa. Kwa hiyo leo ukitia kiyoyozi cha umri huo unatia R134a, nayo haipatani na oili ya madini. Oili haiyeyuki, hailetwi pamoja na gesi, bali hutuama katika vipembe vya mabomba, na kompresa inazunguka kavu mpaka ife. Kompresa yetu ilikufa kifo hicho, ikisaidiwa na unyevu na takataka za ile evapoleta ya mvuani.

Nilimwuliza mzee kama ataitengeneza. Akakataa. Akasema kiyoyozi ni mwili mmoja, hukipandi kwa viungo vya maiti wanne. Nitafute Corolla moja ya umbo lilelile, iliyokuja kutoka Japani ikiwa na kiyoyozi chake, hata kama ni mkangafu, ninunue vyote vyake mpaka skurubu ya mwisho. Kisha nimletee nitakachokuta, naye atatazama kama kinafaa kabla sijalipa.

Ilituchukua miezi miwili kuipata, na miezi hiyo mama aliendelea kunyonya barafu. Mwanangu, ambaye alikuwa akingoja kujiunga na chuo, alizunguka yadi za magari makuukuu mpaka akaipata moja iliyogongwa nyuma. Tazama hapo, msomaji: iliyogongwa nyuma. Ile iliyogongwa mbele kondensa yake imekwisha kukunjika, na mara nyingi kompresa nayo imepigwa. Wauzaji wengi hukata kipande chote cha mbele wakakiuza pamoja, mafundi hukiita "nozi-kati", nacho ni kizuri ila mara nyingi kimekatwa kabla ya kufika kwenye dashibodi, hivyo sanduku la baridi halimo. Ukikuta gari zima, bora.

Mzee alituamuru tufungue wenyewe mbele ya macho yake. Alituambia kila kilichofunguliwa kizibwe mdomo papo hapo, na kila bolti itiwe katika kopo lenye jina lake. Mwanangu aliandika: braketi ya kompresa, puli ya kukazia mkanda, klipu za bomba la chini. Tulichukua kompresa na braketi yake, kondensa na feni yake ya umeme, mabomba yote mawili, sanduku la baridi na bomba lake la kutolea maji, swichi ya dashibodi, na mkungu wote wa waya pamoja na rilei zake. Tuliichukua puli ya injini pia, maana puli ya gari lisilo na kiyoyozi ilikuwa na mfereji mmoja tu na mkanda wa pili haungepata pa kukaa. Halafu akatuonyesha kidude kidogo kando ya kabureta, chenye kipira cha upepo, ambacho mimi ningekiacha bila kufikiri. Kazi yake ni kuinyanyua injini kidogo kila kompresa inapoingia. Bila hicho, ukisimama kwenye taa za barabarani injini inatetemeka na kuzimika. Kwa injini ndogo kama hizi zetu, kiyoyozi ni mzigo mkubwa, haufichiki.

Kompresa ilikuwa ya Nippondenso, kampuni ambayo tangu 1996 inaitwa Denso, na mzee aliizungusha kwa mkono akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Akamwaga oili yake ya zamani ndani ya kikombe cha kupimia, akaiosha na kutia oili mpya aina ya esta kwa kipimo hichohicho. Kondensa na evapoleta aliziosha, akazijaza naitrojeni na kuzitumbukiza katika pipa la maji kutafuta mapovu. Hapakuwa na povu. Vitu vitatu alikataa katakata visitoke katika gari kuukuu: ile chupa ya kukaushia, valvu yenye kitundu, na pete zote za mpira za maungio. Pete za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya R12, na chupa iliyokaa wazi imekwisha kunywa unyevu wote wa Pwani. Hivyo vitatu vilinunuliwa vipya, na kwa jumla havikuwa ghali. Gharama yote, pamoja na ile niliyoitupa kwa fundi wa kwanza, ilinifikia kiasi cha karo ya muhula mmoja wa shule ya bweni. Bila ya kosa langu ingekuwa pungufu sana.

Kufunga kulichukua siku mbili. Hatukung'oa dashibodi nzima. Tulitoa kabati, tukachomoa lile bomba tupu, sanduku likaingia kama kwamba lilikuwa likingojewa tangu 1989. Nakiri kwamba nilipoona matundu yanalingana na bolti bila kugusa tupa nilifurahi kama mtoto.

Kisha ukafika wakati ambao mafundi wengi huuruka, nao ndio roho ya kazi yote. Mzee aliunganisha pampu ya kunyonya hewa, akaiwasha, akaenda zake kunywa kahawa. Nusu saa ikapita. Nikamwambia mwanangu labda mzee amesahau. Ikatimia saa nzima na zaidi. Nilipokwenda kumwuliza alinijibu, "Mwalimu, hapa si Limuru. Hewa hii ni maji." Maana yake, mwanafunzi wangu, ni lile somo la sufuria. Ukinyonya hewa yote mabombani mgandamizo unashuka mno, hata tone la maji lililojificha humo linachemka kwa joto la kawaida la mchana na kutoka likiwa mvuke. Tone hilo likibaki, litaganda kwenye kile kitundu cha valvu likakiziba, au litachanganyika na gesi na oili na kuanza kula chuma taratibu. Alipoizima pampu alifunga valvu za geji na kutungoja tena, akitazama kama mshale utarudi. Haukurudi. Kama ungerudi, pangekuwa na tundu mahali.

Gesi aliitia kwa kupima uzito kwenye mizani, si kwa kukisia. Gari la R12 likigeuzwa kuwa la R134a hupewa kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya uzito uliokuwa ukitumika zamani, na anayejaza zaidi akidhani anaongeza baridi huipunguza, tena huitesa kompresa. Geji ya upande wa chini ilisimama kwenye paundi 30 hivi, ya juu ikapita kidogo 230, na mzee akasema kwa joto la siku ile ni sawa. Tulitia kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Nje nyuzi 32. Ndani ya tundu, nyuzi 9.

Kabla sijasahau, neno kwa wanaopenda rahisi. Wapo wanaouza gesi ya bei ya chini ambayo kwa kweli ni jamaa ya gesi ya kupikia. Inapoza, tena vizuri. Lakini ikivuja kwenye evapoleta inavujia ndani, mlipo nyinyi na watoto, na cheche moja yatosha. Ipo pia mitungi ya bandia yenye maandishi ya R134a. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka katika bandari za ng'ambo na kuua wafanyakazi kwa sababu ya gesi ya bandia iliyokuwa ikila aluminiamu. Mzee aliyajua hayo kwa kuwa ndiyo kazi yake, na mtungi wake aliununua kwa muuzaji anayemfahamu. Na hata R134a halisi isiachiliwe ovyo hewani. Haili ozoni, lakini uzito wake katika kuipasha dunia joto unapita ule wa hewa ya ukaa zaidi ya mara 1,300, na mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuipunguza. Fundi asiye na mashine ya kuivuta gesi kurudi mtungini asifungue mabomba yako.

Kwa yule mama aliyeniuliza: ikiwa rejeta yako huchemsha maji hata sasa, au betri hulala, usianze na kiyoyozi. Kondensa itaongeza joto mbele ya rejeta, na ile feni ya pili hula umeme mwingi, kiasi kwamba baadhi ya magari huhitaji alteneta kubwa zaidi. Tengeneza hivyo kwanza. Na utaongeza petroli. Mimi naizidisha, na mlima wa Mazeras naupanda nikiwa nimezima baridi, hilo silifichi.

Siku ya kwanza ya kliniki mama aliingia akijifanya hajali. Tulipofika Makupa akauliza kama kuna leso garini. Tulipokuwa tukirudi, saa saba, malori pande zote, nilimtazama kwenye kioo, na safari hii niliweza kumtazama. Alikuwa amelala, mdomo umefumba. Hakuomba barafu njia nzima.

Tulipofika nyumbani mtoto wa jirani alikuja mbio akipiga kelele kwamba gari letu linavuja. Chini ya injini palikuwa na kidimbwi cha maji safi. Nikamweleza kuwa ni unyevu wa hewa uliogandamana kwenye ile rejeta ya baridi, kama matone nje ya bilauri ya maji baridi, na kwamba kisipotoka hicho ndipo mtu aingiwe na wasiwasi. Mama alisimama akiegemea fimbo yake akiyatazama yale maji yanavyodondoka.

"Haya, tazameni wenyewe," akasema. "Hata gari linakwenda haja ndogo, mimi je?" Akacheka peke yake mpaka mlangoni.

Kipupwe cha Julai kilipoingia tulidhani tutakipumzisha kiyoyozi. Mzee akatukataza: kiwashwe walau dakika 10 kila juma, oili izunguke na pete za mpira zisikauke. Basi tunakiwasha siku za kliniki. Mama hukaa kiti cha nyuma amejifunga leso mbili, na tukikizima kabla ya dakika 10 kwisha hutukumbusha.